Waya ndani ya mgongo: swali lililochelewa miaka 50

Leo sitaandika juu ya muhogo wala juu ya mbolea. Nitaandika juu ya mgongo. Munivumilie kidogo, juu mwishoni mutaona kama hii historia inatuhusu sisi wote tuliokalia viti vya auditoire.

Mwezi wa tatu, kwenye group ya WhatsApp ya familia, binamu yetu anayeishi Ulaya alituma video. Ndani yake kuna bwana mmoja anasimama, anatembea, analia kwa furaha. Anasema mgongo ulimfunga miaka mingi, sasa wamemwekea kamashine kadogo chini ya ngozi, pamoja na waya mwembamba unaopita karibu na uti wa mgongo. Waya unapitisha umeme, maumivu yamekwisha. Chini ya video binamu aliandika: "Hii njo ya baba mudogo."

Baba mudogo wangu amelima na kubeba mizigo maisha yake yote. Miaka minne iliyopita alipasuliwa mgongo. Mguu ulipata nafuu kidogo, lakini mgongo ulikataa. Usiku halali, anakaa ku kiti mpaka jogoo anawika. Kwa hiyo ile video ilipofika, group ikawaka moto. Kesho yake hesabu zilikuwa zimeshaanza: nani anakotiza ngapi, viza ya India, tiketi ya mtu wa kumsindikiza. Halafu shangazi akaandika neno ambalo kila mmoja alikuwa anaogopa kuandika: kama feza hazitoshi, tuuze shamba la kule chini, lile la karibu na mto.

Hapo wakanigeukia miye. "Wewe ulisoma. Tuambie, ile mashine inafanyaga kazi?"

Miye niko na lisanse ya agronomia. Si munganga. Lakini kwetu kijijini lisanse ni lisanse, hakuna wa kukuuliza ni ya nini. Nikaanza kusoma, jioni kwa jioni, kila wakati courant iliporudi. Nilitafuta jibu la ndiyo ao hapana. Nilichokipata ni historia, na hiyo historia ilinirudisha moja kwa moja kwenye somo letu la majaribio ya shambani.

1. ILIANZA NA SAMAKI

Kutibu maumivu kwa umeme hakukuanza na kampuni za Marekani. Karibu na mwaka wa 47 baada ya Kristo, munganga mmoja wa Roma, Scribonius Largus, aliyeishi wakati wa Kaisari Claudius, aliandika kitabu cha dawa. Kwa mtu mwenye gauti, ule ugonjwa unaovimbisha na kuchoma vidole vya mguu, aliagiza hivi: asimame ufukoni palipolowana, aweke mguu juu ya samaki anayeitwa torpedo akiwa hai, asitoke mpaka ganzi ifike kwenye goti. Kwa kichwa kinachouma, samaki huyo awekwe palepale panapouma.

Torpedo ni wa bahari. Shiye tuko na mwenzake wa mito: kambale wa umeme, yule ambaye kwa Lingala wanamuitaga nina. Mvuvi akimgusa ndani ya wavu, mkono unashtuka na kufa ganzi. Wamisri wa kale walimjua vizuri, walimchora kwenye kuta za makaburi zaidi ya miaka 4000 iliyopita, katikati ya samaki wengine wa Nile.

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua ni kitu gani kinachopiga ndani ya samaki hao. Ni mwaka 1772, mjini La Rochelle kule Ufaransa, ndipo Mwingereza John Walsh alipofanya majaribio na torpedo na kutangaza kama pigo lake ni umeme. Baadaye zikaja betri, na baada ya betri wakaja wauzaji. Katika karne ya 19, magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa matangazo ya mikanda ya umeme: funga kiunoni, utapona mgongo, figo, tumbo, mishipa, hata nguvu za kiume zitarudi. Mnaijua hii sauti. Ni sauti ileile ya yule anayeuza dawa ndani ya basi akisema chupa moja inatibu magonjwa kumi na mbili.

Tangu hapo, umeme wa kutuliza maumivu uko na watu wawili wanaotembea pamoja: mmoja anatafuta, mwingine anauza. Shida inaanza wakati muuzaji anafika sokoni mbele ya mtafutaji.

2. BARRIÈRE KWENYE BARABARA YA MAUMIVU

Wazo la kisasa lilizaliwa mwaka 1965. Wanasayansi wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walichapisha makala ndani ya gazeti la kisayansi Science. Kabla yao, wengi walifikiri maumivu ni kama kengele ya mlango: ukivuta kamba huku, inalia kule. Kidole kinaungua, waya unapeleka habari, ubongo unasikia. Mwisho.

Melzack na Wall walisema hapana. Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali ambapo habari za maumivu zinapunguzwa ao zinaachiliwa zipite. Wao waliita mlango. Shiye wa Kongo tungeelewa haraka zaidi kama wangeita barrière. Wote tumepita barabarani. Gari haifiki mjini kwa sababu tu imewasha motere. Inategemea kamba ya barrière iko juu ao iko chini, na inategemea nani mwingine yuko anapita wakati huo.

Kwa mujibu wao, mishipa minene, ile inayobeba habari za kuguswa na kusuguliwa, ikipita kwa wingi, inashusha kamba mbele ya mishipa myembamba inayobeba maumivu. Njo maana mtoto akigonga goti, mama analisugua, na mtoto ananyamaza. Mama hakusoma Science, lakini mkono wake unajua.

Vipande vingi vya nadharia hiyo vilirekebishwa baadaye. Lakini ilifungua swali jipya: kama kusugua ngozi kunashusha barrière kidogo, je, tukisugua mishipa minene yenyewe kwa umeme? Wall na mpasuaji William Sweet walianza na nyuso zao wenyewe. Walijichoma sindano za umeme kwenye mshipa wa fahamu ulio chini ya jicho, wakaona kama pale umeme unapopita, kuchomwa hakuumi sana. Kisha wakajaribu kwa wagonjwa wachache, wakachapisha mwaka 1967. Hapa ninawavulia kofia: walijaribu juu ya ngozi yao kabla ya ngozi ya mwingine.

3. MACHI 1967: MGONJWA MMOJA

Mpasuaji kijana wa Marekani, Norman Shealy, alisoma makala ya 1965 akaona njia. Mishipa minene inapanda kuelekea ubongoni ikiwa imekusanyika pamoja, upande wa nyuma wa uti wa mgongo. Ukiweka umeme hapo, unaigusa yote mara moja. Alijaribu kwanza kwa paka. Kifaa kilitengenezwa pamoja na Thomas Mortimer, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uhandisi mjini Cleveland. Ndiyo, mwanafunzi, kama wengi wenu mnaosoma hapa. Hiyo ilikuwa kazi yake ya masomo.

Tarehe 24 Machi 1967 walimwekea kifaa mwanadamu wa kwanza. Alikuwa mzee wa miaka 70 mwenye kansa ya mapafu isiyoweza tena kupasuliwa, anateseka kwa maumivu ya kifua. Walipowasha umeme, maumivu yalipungua. Walipouzima, yakarudi. Mzee alifariki baada ya siku moja na nusu hivi, kwa ugonjwa wake. Mwaka huohuo makala ilichapishwa.

Mgonjwa mmoja, siku moja na nusu. Shealy na wenzake waliiita ripoti ya mwanzo tu, hawakudanganya mtu. Lakini mwaka uliofuata, 1968, kampuni ya Medtronic ilikuwa imeshaanza kuuza kifaa cha aina hiyo.

Nisimame kidogo kwa Medtronic, juu historia yake inatugusa shiye watu wa délestage. Ilianza mwaka 1949 ndani ya gareji mjini Minneapolis, kazi yake kutengeneza vifaa vya hospitali. Wakati huo, watoto waliopasuliwa moyo walisaidiwa na mashine kubwa iliyochomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini kwa muda wa saa kadhaa, na watoto waliotegemea ile mashine wakawa hatarini. Munganga Walton Lillehei akamwomba Earl Bakken, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, atafute kitu kinachotumia betri. Bakken alichukua mchoro wa saketi kutoka gazeti la watu wanaopenda elektroniki, na baada ya majuma manne hivi akaleta kisanduku kidogo kinachovaliwa kifuani. Coupure moja ya umeme ilizaa kifaa cha moyo cha kubebeka. Miaka kumi baadaye, ufundi uleule wa betri, waya na midundo midogo ya umeme ukashuka kutoka moyoni kwenda mgongoni.

Tofauti iko hapa. Kwa moyo, huhitaji kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Moyo unapiga ao haupigi, na unahesabu. Maumivu hayahesabiki hivyo. Yako ndani ya mtu, yanapanda na kushuka pamoja na usingizi, pamoja na woga, pamoja na matumaini. Ufundi ulihama kutoka moyoni kwenda mgongoni. Urahisi wa kupima haukuhama nao.

4. SOKONI KABLA YA KUVUNA

Miaka ya 1970 haikuwa myepesi. Kuweka kifaa kulitaka kufungua mfupa wa mgongo. Nguvu ilitoka nje, kwenye kisanduku chenye antena iliyobandikwa juu ya ngozi. Nyaya zilikatika, zilihama, majeraha yaliingia vijidudu. Wagonjwa wengi waliofurahi mwanzoni walirudi baada ya mwaka mmoja ao miwili wakisema nafuu imepotea.

Shealy mwenyewe, baba wa kazi hii, aliacha kuweka vifaa hivyo katikati ya miaka hiyo, akageukia njia zisizotaka kisu. Moja ya njia hizo ni mashine ndogo ya kubandika juu ya ngozi, ile ambayo leo mnaiona kwa wataalamu wa kinesi. Mwanzoni aliitumia kuchagua nani anafaa kupasuliwa, kisha akaona kama wengine inawatosha palepale, bila kupasuliwa.

Lakini soko halikusimama pamoja naye. Wanganga wengine walijifunza kupitisha waya kwa sindano nene bila kufungua mfupa. Miaka ya 1980 betri za lithiamu ziliingia chini ya ngozi pamoja na kifaa kizima. Mwaka 2004 zikaja betri za kuchajiwa kutoka nje ya ngozi. Kila kizazi kilikuwa kidogo zaidi, kizuri zaidi, na bei yake nchini Marekani ikafika makumi ya maelfu ya dola pamoja na upasuaji.

Na sheria ilikuwa wapi? Mpaka mwaka 1976, Marekani haikuwa na sheria inayolazimisha kampuni ithibitishe kama kifaa kinachopandwa mwilini kiko salama na kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Sheria ilipokuja, vifaa vya aina hii vilikuwa tayari sokoni karibu miaka minane. Ni kama mbegu iliyogawiwa kwa wakulima wa wilaya nzima, halafu njo mtu anauliza: kwani, ilijaribiwa wapi?

Mgonjwa mkubwa wa soko hili akawa mtu wa aina ya baba mudogo: aliyepasuliwa mgongo na maumivu yakabaki. Wako wengi. Mgongo wa chini njo unaoongoza duniani kati ya vitu vinavyowafanya watu washindwe kazi. Hesabu ya mwaka 2020 iliwafikisha milioni 619. Ukiwa na soko la ukubwa huo, hukosi muuzaji.

5. KIPANDE CHA TÉMOIN

Hapa njo agronomia inaingia.

Mnakumbuka somo la majaribio? Unatia mbolea kwenye maharagwe, maharagwe yanastawi. Unafurahi, unataka kuandika TFC yako. Asistanti anakuuliza neno moja tu: "Témoin iko wapi?" Kipande kisichotiwa mbolea, chenye udongo uleule, mbegu ileile, mvua ileile. Bila hicho hujui kama ni mbolea iliyofanya kazi, ao ni mvua, ao ni udongo mzuri wa ile pembe uliyochagua kwa sababu macho yako yaliipenda. Wengi wetu tulilia kwa hilo swali.

Kwa binadamu, témoin ni ngumu zaidi, juu binadamu anatumaini na maharagwe hayatumaini. Mtu aliyepasuliwa, akawekewa mashine ya bei kali, akahudumiwa na watu wanaomtazama machoni, anapata nafuu hata kama mashine haipitishi kitu. Nafuu hiyo si uongo, anaisikia kweli. Pia, maumivu sugu yanapanda na kushuka. Mtu anaenda kwa munganga siku yamefika juu kabisa, kwa hiyo mara nyingi yatashuka tu, hata ukimpa maji. Njo maana majaribio ya dawa yanatumia plasebo: kidonge kinachofanana na dawa bila dawa ndani, na mgonjwa hajui alichopewa.

Sasa, mashine hii ilikuwa na kikwazo cha ajabu. Umeme wa zamani ulikuwa unasikika. Mgonjwa alisikia mtekenyo, kama sisimizi wanaotembea mgongoni na miguuni. Akiusikia, anajua mashine imewaka. Asipousikia, anajua imezimwa. Utamfichaje? Kwa karibu miaka 40, jibu la wataalamu lilikuwa hilo: plasebo haiwezekani. Basi walilinganisha na vitu vingine.

Nitaje majaribio mawili makubwa, na yalifanywa na watu wa maana. Mwaka 2005, timu ya Richard North wa Johns Hopkins ililinganisha mashine na upasuaji wa mara ya pili: watu 9 kati ya 19 wa mashine walifanikiwa, kwa 3 kati ya 26 wa upasuaji. Mwaka 2007, jaribio la watu 100 waliopasuliwa mgongo na kubaki na maumivu, hasa ya mguu, lilionyesha kama baada ya miezi sita asilimia 48 ya wenye mashine walipunguziwa maumivu ya mguu kwa nusu ao zaidi, dhidi ya asilimia 9 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Mwaka 2008 shirika la NICE la Uingereza, linalochagua matibabu ya kulipiwa na serikali, likakubali mashine kwa watu wenye maumivu sugu ya mishipa ya fahamu.

Soma tena kwa macho ya agronome. Kundi la pili lilikuwa nani? Watu waliopasuliwa tena, ama watu walioendelea na matibabu yaleyale yaliyokuwa yameshawashindwa. Wote walijua kama hawakupata kitu kipya. Ni mbolea mpya dhidi ya shamba ambalo mwenyewe ameshalikatia tamaa. Tofauti ilionekana, lakini ndani ya tofauti hiyo mbolea na matumaini vilichanganyika. Huwezi kuvitenga.

6. UMEME USIOSIKIKA

Kilichofungua mlango ni biashara yenyewe. Kampuni zilitafuta umeme usio na mtekenyo, juu wagonjwa wengi hawakuupenda. Zikapata namna mbili: midundo ya kasi sana, 10 000 kwa sekunde, ambayo Marekani iliikubali mwaka 2015, na midundo inayokuja kwa mafungu mafupimafupi. Zote mbili mgonjwa hasikii kitu. Ziliuzwa kama maendeleo. Hakuna aliyetangaza kwa sauti kama hapo hapo ile sababu ya kukosa plasebo ilikuwa imekufa. Kama mgonjwa hasikii kitu mashine ikiwaka, basi unaweza kuizima bila yeye kujua.

Wanganga wa Trondheim, Norway, walifanya hivyo. Walichukua watu 50 wenye maumivu yaliyobaki baada ya kupasuliwa mgongo, wote wakiwa wameshajaribu mashine majuma mawili na kusema inawasaidia. Wakawawekea. Kisha kwa mwaka mmoja kila mtu alipita vipindi vinne vya miezi mitatu: viwili mashine inawaka kwa mafungu, viwili haipitishi kitu, kwa mpangilio wa bahati nasibu, bila mgonjwa kujua. Kila mtu alikuwa témoin wa nafsi yake. Miye kama mwanafunzi wa asistanti yule, nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Matokeo yalitoka Oktoba 2022 ndani ya gazeti la JAMA. Walipima ulemavu wa kila siku kwa alama kutoka 0 mpaka 100: kukaa, kutembea, kulala, kuinua kitu. Mwanzoni wastani ulikuwa 44,7. Mashine ikiwaka, ulishuka alama 10,6. Mashine ikiwa imezimwa, ulishuka alama 9,3. Tofauti ni alama 1,3, kitu ambacho mgongo hausikii. Maumivu yenyewe hayakutofautiana pia.

Musikimbie mbele ya hizo namba. Watu walipata nafuu. Walipata nafuu kwa kweli, na karibu nafuu yote ilikuwepo hata bila umeme. Bwana wa ile video labda hadanganyi hata kidogo. Anachotuambia ni kwamba anajisikia vizuri. Kwa nini anajisikia vizuri, hilo yeye hawezi kulijua akiwa peke yake, kama vile haragwe haliwezi kukuambia kama ni mbolea ao ni mvua.

Mwaka 2023 Cochrane, mtandao unaopitia majaribio yote juu ya swali moja, ulikusanya majaribio 13 yenye watu 699 juu ya mashine hii na mgongo wa chini. Ulihitimisha kama ushahidi hauungi mkono kuitumia kwa mgongo wa chini nje ya utafiti. Mwaka huohuo wachunguzi wa Marekani walifuata watu 1 260 waliowekewa: ndani ya miaka miwili asilimia 17,9 walipata matatizo, na asilimia 22,1 kifaa kilitolewa ao kurekebishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2018, waandishi wa habari wa kimataifa waliochunguza vifaa vya kupandwa mwilini walikuta zaidi ya ripoti 80 000 za madhara juu ya mashine hizi nchini Marekani tangu 2008. Ripoti si hukumu, lakini ni moshi mwingi.

Haki iende pande zote. Watetezi wa mashine wanasema Wanorway hawakuweka umeme kwa kipimo kinachofaa, na kama aina moja ikishindwa haimaanishi zote. Hiyo ni hoja ya kisayansi, ijibiwe kwa majaribio mengine. Na kuna maumivu mengine, kama yale ya miguu yanayotokana na kisukari, ambako Marekani imekubali mashine hii tangu 2021. Sisemi mashine haifai kwa yeyote. Ninasema kwa mgongo kama wa baba mudogo, swali la témoin lilipoulizwa kwa mara ya kwanza kwa uzito, miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita tangu yule mzee wa 1967, na jibu halikuwa lile lililouzwa.

7. NA BABA MUDOGO?

Nilirudi ku group. Sikuwatumia makala 20. Niliwauliza mambo matatu, na ninawapa nanyi, juu siku moja mtaulizwa kama miye: Wanaolinganishwa na mashine ni nani? Nani analipa akikosea? Na ikiharibika, nani anaitengeneza?

La tatu liliwagusa zaidi. Kifaa hiki kinahitaji kurekebishwa na mtu mwenye kompyuta yake, betri ina mwisho, waya unaweza kuhama, kidonda kinaweza kuoza. Akiwekewa India na kurudi kijijini, waya ukikatika mwezi wa saba, tunauza shamba gani tena?

Shangazi alinyamaza siku mbili. Binamu alikasirika kidogo, akaniandikia kama wasomi wa Kongo tunajua kukataa tu. Nimelibeba hilo neno, juu linauma. Ni kweli kukataa ni rahisi kwa mtu anayelala usiku.

Njo maana Jumapili nilienda mwenyewe kumwona. Nilimweleza yote, na samaki wa Roma, na barrière, na Wanorway. Alicheka kwa samaki. Kisha akauliza: "Kwa hiyo shamba linabaki?" Nikasema, linabaki. Akatikisa kichwa pole pole. "Vizuri. Na miye nitalala namna gani usiku?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na sitawadanganya hapa kama nililipata. Kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyo na chanzo kimoja kinachojulikana, OMS ilitoa mwongozo mwishoni mwa 2023: mazoezi yaliyopangwa, kuelimishwa juu ya maumivu, kusaidiwa kisaikolojia, dawa kwa kiasi. Mgongo wa baba mudogo uko na historia yake ya kisu, kwa hiyo aamue munganga wake. Pesa iliyokwisha kukotizwa tuliiweka kwa mtaalamu wa kinesi, mara mbili kwa juma, na kwa usafiri wa moto usiomrusha mgongo kwenye mashimo. Nafuu ni ndogo. Juma lililopita alilala mpaka saa tisa ya usiku, kisha akakaa ku kiti.

Je, ni kinesi? Ao ni kwa sababu kila juma kuna mtu anamgusa mgongo na kumuuliza habari? Sijui, sina témoin. Lakini huyu mbolea wake ni wa bei ndogo, hauachi waya ndani, na shamba la karibu na mto bado liko letu. Msimu huu limepandwa maharagwe.

Wanganga walio kati yetu, munirekebishe pale nilipokosea. Na nyiye munaoandika TFC mwaka huu: asistanti akiwauliza témoin iko wapi, musikasirike.